Historia Fupi ya Kisanduku Chekundu

Miaka kadhaa iliyopita mtaaluma wa shule moja ya sekondari aliniomba nimsaidie kazi ambayo yeye aliiita ya dakika tano. Alikuwa na lahajedwali la alama za mtihani wa nusu muhula wa Kidato cha Pili: majina upande wa kushoto, masomo juu, namba zimejaa katikati kama mchele kwenye ungo. Alitaka walioanguka waonekane haraka, asihangaike kufuata mstari mmoja mmoja kwa kidole.

Nikachagua eneo lote la alama, nikafungua sehemu inayoitwa uumbizaji wa masharti, nikaandika kanuni moja: kama namba iliyo humu ni ndogo kuliko 30, paka kisanduku rangi nyekundu. Hiyo 30 sikuitunga mimi. Katika madaraja ya mtihani wa Kidato cha Nne hapa Tanzania, kuanzia 0 hadi 29 ni F, na D inaanzia 30. Nikabonyeza kitufe, ukurasa ukabadilika mara moja. Mtaaluma akacheka kwa furaha. Kweli ilikuwa kazi ya dakika tano.

Mkuu wa shule alikuwa anapita, akainama nyuma yetu, akatazama skrini. "Hawa wekundu wote waitwe wazazi wao," akasema, akaenda zake. Hakusoma jina hata moja. Hakukaa chumbani hata dakika moja.

Mmoja wa wekundu hao alikuwa binti ambaye mstari wake wote ulikuwa umewaka, Kiswahili mpaka Hisabati. Wiki iliyofuata mama yake alikuja akiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Mtoto alilazwa wiki nzima ya mitihani. "Mwalimu," alimwuliza mtaaluma, kwa sauti ya chini kabisa, "mtoto hajafanya mtihani, amefelije?"

Nikafungua lahajedwali. Visanduku vya yule binti havikuwa na sifuri. Havikuwa na kitu. Lakini fomula yangu, ikikutana na kisanduku kitupu, inakihesabu kuwa sifuri. Na sifuri ni ndogo kuliko 30. Kwa hiyo nyekundu.

Nilimwomba radhi yule mama, nikarekebisha. Ila swali lake halikuniacha. Nani hasa alimpaka binti yake nyekundu? Mimi niliyeandika kanuni? Mkuu aliyetoa amri? Programu? Wale waliopanga kwamba 29 ni kufeli na 30 ni kupona? Na kwa nini nyekundu, si rangi nyingine? Nikaanza kuifuatilia hiyo rangi nyuma, nione imetokea wapi. Niliyoyakuta ndiyo haya.

*

Wekundu kwenye hesabu una umri mkubwa kuliko karatasi. Mwandishi wa Misri ya kale alitembea na kibao chenye vishimo viwili vya wino: mmoja mweusi, uliotokana na masizi, na mwingine mwekundu, uliotokana na udongo. Kuna mafunjo yaliyopatikana Abusir, kusini-magharibi ya Cairo, yaliyo kumbukumbu za hekalu la mfalme Neferirkare. Yana zaidi ya miaka 4,000. Ndani yake kuna majedwali: mistari imepigwa kwa wino mweusi na mwekundu, safu na safu, zamu za watumishi, vitu vilivyoingia hekaluni. Ukiyatazama picha zake leo unaweza kudhani kuna mtu kaacha kompyuta wazi. Yapo pia mafunjo ya hisabati yanayoitwa ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmose mnamo mwaka 1550 KK na sasa yamehifadhiwa London. Humo maswali ya hesabu hufunguliwa kwa wino mwekundu ili jicho lijue linapoanzia jambo jipya.

Wino huo mwekundu ulikuwa na kazi mbili, nami naomba msomaji azishike zote mbili maana tutaenda nazo mpaka mwisho. Kazi ya kwanza ni kusema *tazama hapa*: kichwa cha habari, tarehe, jumla. Kazi ya pili ni kusema *jihadhari*. Jina la Apep, joka adui wa jua, liliandikwa kwa wino mwekundu kwa sababu lilikuwa jina la hatari. Rangi ni hiyo hiyo na mkono ni huo huo. Msomaji wa zamani zile alitofautisha kwa kusoma kilichoandikwa.

Kazi ya kwanza ilisafiri mbali. Warumi waliuita udongo mwekundu *rubrica*, na vichwa vya sheria viliandikwa kwa rangi yake. Baadaye vitabu vya ibada vya Kanisa vikaweka maelekezo ya padri kwa wekundu na maneno ya sala kwa weusi. Kwenye kalenda zao, siku za watakatifu wakubwa zikawa nyekundu. Mpaka leo tazama kalenda iliyotundikwa dukani kwa Mangi: Jumapili nyekundu, Idi nyekundu, Krismasi nyekundu. Hakuna anayezionea huruma siku hizo. Hakuna anayewaita wazazi wao.

Upande wa Uislamu kuna kisa kinachonigusa zaidi, maana kinakaribia sana kile tunachokifanya kwenye lahajedwali. Misahafu ya mwanzo iliandikwa konsonanti tupu. Wasomaji walipoongezeka, wengi wao si Waarabu kwa kuzaliwa, ikabidi irabu zionyeshwe. Mapokeo yanamtaja Abu al-Aswad al-Du'ali, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 7, kuwa ndiye aliyeanzisha nukta za rangi: nukta juu ya herufi, chini yake, au pembeni. Katika misahafu mingi ya kale nukta hizo ni nyekundu. Kwa nini rangi tofauti? Ili ijulikane wazi kwamba maandishi meusi ndiyo yenyewe, na nyekundu ni msaada uliokuja juu yake. Nukta hazikugusa neno. Zilikaa juu ya neno, zikamwambia msomaji namna ya kulisoma.

Uumbizaji wa masharti nao ndivyo ulivyo. Ukipaka kisanduku rangi kwa kanuni, namba iliyomo haiguswi. Ishirini na nane inabaki 28. Ukiifuta kanuni, rangi inaondoka na namba inabaki ilivyokuwa. Ni tabaka la usomaji lililotandikwa juu ya maandishi. Tofauti ni kwamba waandishi wa misahafu waliona umuhimu wa kutuonyesha tabaka liko wapi. Sisi tunalitandika, tunasahau kama lipo.

Na hapa kwetu pwani utamaduni huo ulikuwepo. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, ina mapambo ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Katika nakala nyingi za tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, alama za wino mwekundu hutenga kipande na kipande, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali na mwandishi hakuwa na anasa ya kuacha nafasi nyeupe tupu. Jicho la msomaji liliruka kutoka wekundu hadi wekundu, likajua pumzi inakatwa wapi. Wekundu ule ulikuwa kituo cha kupumzika.

*

Kabla sijaendelea, tusimame kidogo kwenye lugha yenyewe, maana nilipokuwa nafuatilia rangi hii niligundua jambo ambalo nilikuwa nalisema kila siku bila kulisikia.

Kiswahili kina vivumishi vya rangi vitatu tu vinavyokubali kubeba viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe, -ekundu. Tunasema kisanduku chekundu, visanduku vyekundu, mstari mwekundu, alama nyekundu. Rangi nyingine nyingi tunaziazima kwa vitu. Kijani imetoka kwenye jani. Manjano ni kiungo cha pilau kabla ya kuwa rangi. Kijivu ni jivu. Samawati ni mbingu, kwa Kiarabu.

Sasa chukua zile rangi tatu za taa za barabarani, ambazo lahajedwali limezichukua kama zilivyo: kijani, manjano, nyekundu. Mbili za kwanza ni jani na kiungo. Ya tatu peke yake ndiyo inayomvaa mtu mwilini: yeye *mwekundu*, wao *wekundu*. Mkuu wa shule hakusema "hawa walio kwenye visanduku vyekundu." Lugha ilimruhusu kufupisha, naye akafupisha: "hawa wekundu." Hatua moja tu, rangi ikahama kutoka kwenye kisanduku ikaingia kwa mtoto.

*

Mtu akikwambia kwamba nyekundu *lazima* iwe hasara, mpeleke China. Katika karne ya 3, mwanahisabati Liu Hui, akifafanua kitabu cha kale cha hesabu kiitwacho *Sura Tisa*, alieleza namna ya kutofautisha namba chanya na hasi kwa vijiti vya kuhesabia: vyekundu viwe chanya, vyeusi viwe hasi. Yaani kinyume kabisa cha mhasibu wa Ulaya, ambaye alizoea kuandika upungufu kwa wino mwekundu na faida kwa mweusi. Mpaka leo kwenye masoko ya hisa ya China bei ikipanda inaonyeshwa kwa nyekundu, ikishuka kwa kijani. Mtu wa New York akiingia ukumbi wa Shanghai bila kuelezwa, anaweza kupata presha siku ambayo wenzake wanasherehekea.

Kwa hiyo rangi haina maana yake yenyewe. Kuna watu walikaa wakakubaliana. Na makubaliano yakikaa muda mrefu, watu husahau kwamba yalikuwa makubaliano.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuipa rangi kazi ya kupima. Mwaka 1873 mtakwimu Mfaransa Toussaint Loua alichapisha atlasi ya takwimu za wakazi wa Paris. Alikuwa na ramani nyingi za jiji hilo lenye mitaa 20 ya kiutawala: wapi wanaishi wageni, wapi mafundi, wapi wazee, wapi matajiri. Akaona ramani zikiwa nyingi hazisomeki kwa pamoja. Akazikusanya zote kwenye jedwali moja: mitaa upande mmoja, sifa upande mwingine, na badala ya kujaza namba akajaza rangi, nyeupe kwa kiwango cha chini, kisha manjano, kisha buluu, hadi nyekundu kwa kiwango cha juu kabisa. Miaka zaidi ya mia moja kabla ya kompyuta ya mezani, hapo tayari kuna kisanduku kinachopata rangi kwa kufuata thamani iliyomo.

Kwa Loua, nyekundu ilimaanisha *wengi*. Wengi wa nini? Inategemea mstari unaousoma. Mtaa wenye wekundu kwenye mstari wa matajiri haukuwa na ubaya wowote.

Hapa Afrika Mashariki rangi ya kupima haikuingia kwa njia ya jedwali la takwimu. Iliingia kwa njia ya mwili wa mtoto. Daktari David Morley, akifanya kazi Nigeria katikati ya karne iliyopita, alitengeneza kadi ya ukuaji ambayo mama anakaa nayo nyumbani: uzito wa mtoto unawekwa nukta mwezi kwa mwezi. Wazo likasambaa. Kadi ya kliniki ya Tanzania ikawa na maeneo ya rangi, kijani, kijivu na nyekundu, na wamama wakapata lugha mpya: "wangu yuko kwenye kijani," "wa jirani ameshukia kwenye kijivu." Siku hizi upo pia ule utepe wa kupimia mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mzunguko ukiwa chini ya milimita 115, utepe unaonyesha nyekundu. Kati ya 115 na 125, manjano. Zaidi ya hapo, kijani.

Huo utepe ni uumbizaji wa masharti uliochapwa kwenye plastiki. Kanuni tatu, mipaka miwili. Na nauheshimu sana. Ukiwa na foleni ya wamama sitini na mhudumu mmoja wa afya ya jamii, rangi inaokoa maisha, kwa sababu nyekundu pale ina maana moja tu: mtoto huyu apewe huduma leo, asisubiri. Anayeona nyekundu anajua cha kufanya, na cha kufanya ni kusaidia. Pale *tazama hapa* na *jihadhari* zimeungana vizuri. Na mtoto asiyepimwa hapewi rangi yoyote. Utepe haujui kudhani.

*

Lahajedwali la kompyuta lilipozaliwa halikuwa na rangi. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard. Alimwona mwalimu akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Namba moja ikikosewa, ilibidi afute na kuandika upya zote zilizoitegemea. Bricklin akafikiria ubao unaojirekebisha wenyewe. Yeye na rafiki yake Bob Frankston wakaitengeneza programu, VisiCalc, ikaingia sokoni mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Kwenye skrini yalikuwa maandishi tu. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, kisha Excel mwaka 1985, kwanza kwenye Macintosh yenye skrini ya nyeusi na nyeupe.

Rangi ilipoingia, iliingia kwa mlango wa mhasibu wa zamani. Mtumiaji wa Excel angeweza kuandika kwenye mpangilio wa namba kwamba namba hasi zitokee kwa herufi nyekundu. Ule wino wa daftari la hasara ulihamishiwa ndani ya mashine, basi. Kisha toleo la Excel 97 likaja na kitu kipana zaidi: kisanduku sasa kiliweza kubadilisha sura yake kwa sharti lolote utakaloandika, si hasi na chanya peke yake. Kulikuwa na kikomo: masharti matatu kwa kisanduku kimoja, hayazidi. Nakumbuka watu waliokuwa wanalalamikia kikomo hicho. Leo nikikifikiria naona kilikuwa na adabu fulani. Ukiwa na masharti matatu tu, inabidi ujiulize ni lipi la maana.

Mwaka 2007 kikomo kikaondolewa, na zikaja mbinu mpya: vijiti vya urefu ndani ya visanduku, vialama vya mishale na taa, na kile kinachoitwa mizani ya rangi. Hiyo mizani ya rangi ndiyo nataka tuitazame kwa makini, maana wengi tunaitumia kila siku bila kujua inafanya nini.

Kanuni yangu ya "chini ya 30" ina mpaka uliosimama. Darasa zima likifaulu, hakuna nyekundu hata moja. Likifeli lote, ukurasa mzima unawaka. Mizani ya rangi inafanya kazi tofauti. Ukichagua ile ya kijani, manjano na nyekundu bila kubadilisha chochote, programu inatafuta namba kubwa kuliko zote katika eneo ulilochagua, inaipa kijani. Inatafuta ndogo kuliko zote, inaipa nyekundu. Ile ya katikati inaipa manjano. Zilizobaki zinapata rangi za mchanganyiko. Haiulizi 30 wala 50.

Chukua wanafunzi watano wenye alama 81, 84, 88, 90 na 95. Wote wana A, maana A inaanzia 75. Weka mizani ya rangi: wa 81 ni mwekundu, damu kabisa. Sasa chukua wengine watano: 5, 9, 12, 15 na 21. Wote wana F. Weka mizani ile ile: wa 21 ni kijani, anang'aa kama mgomba baada ya mvua.

Yaani katika mizani ya rangi, alama zikitofautiana hata kidogo, lazima awepo mwekundu. Hata mkijitahidi wote. Wekundu hapa hauelezi jinsi mtoto alivyofanya. Unaeleza amesimama wapi kwenye foleni, na kila foleni ina mtu wa mwisho.

Ukurasa hausemi umetumia mbinu ipi kati ya hizo mbili. Lahajedwali la mpaka uliosimama na lahajedwali la mizani yanafanana machoni. Anayepita nyuma yako, akainama, akatazama sekunde kumi, hawezi kujua. Anaona nyekundu tu.

*

Ungedhani haya ni mambo madogo ya watu wa kompyuta. Mwaka 2013 yalikuwa sera ya taifa.

Mwaka huo Tanzania ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Katika elimu, sehemu moja ya mpango ilikuwa kutangaza shule za msingi kwa mpangilio wa ufaulu wa mtihani wa darasa la saba: nafasi ya shule kitaifa, na nafasi yake ndani ya wilaya. Shule ziligawanywa pia kwa makundi ya rangi. Huhitaji kuambiwa ni rangi gani. Kijani, manjano, nyekundu.

Nia ilikuwa njema, na sisemi hivyo kwa kejeli. Mzazi ana haki ya kujua shule ya mwanawe ikoje. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walikuja kuchambua takwimu za shule zote kuanzia 2011 hadi 2016 waone kilichotokea. Walikuta mambo mawili, na yote mawili ni ya kweli kwa pamoja. La kwanza: shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao, yale mafungu mawili ya mwisho katika kumi, ziliinua matokeo. Rangi ilifanya kazi. La pili: shule pia zilianza kuwapunguza wanafunzi kwenye darasa la mwisho, ili wale wanaotarajiwa kuanguka wasifike kwenye chumba cha mtihani.

Nilipolisoma hilo la pili nilimkumbuka yule mama na karatasi yake ya hospitali. Mtoto ambaye hakufanya mtihani ni kisanduku kitupu. Kwenye lahajedwali langu, kisanduku kitupu kilihesabiwa sifuri na kikamwaibisha binti. Kwenye jedwali la taifa, kisanduku kitupu hakihesabiwi kabisa, na kwa kutohesabiwa kinaipandisha shule. Makosa hayo yamegeukiana, lakini anayeumia ni yule yule: asiyekuwepo. Kanuni ya kwanza ilimsingizia. Ya pili ilimgeuza kuwa gharama ya kununulia kijani.

Na hapo hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Mwalimu mkuu aliyemwambia mzazi "mwanao arudie darasa la sita" alikuwa anaikimbia nyekundu. Ofisa aliyechapisha orodha alikuwa anafuata mpango. Mwandishi wa Abusir alichovya kalamu mwenyewe kwenye kishimo chekundu; angeulizwa kwa nini, angejibu. Huku kwetu mkono umeondoka, kalamu inaandika.

Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, lilisema halitatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Watu walibishana sana, vijiweni na mitandaoni. Wengine walisema tunaua ushindani. Wengine walisema ilikuwa matangazo ya biashara kwa shule za kulipia. Mimi nilijikuta katikati. Sikutamani rangi ifutwe. Nimeona utepe wa kliniki unavyofanya kazi. Nilitamani tu kila rangi ije na sentensi yake: nani kaweka mpaka, mpaka ni upi, na anayeona nyekundu anatakiwa afanye nini.

*

Yule mama alipoondoka, nilikaa na lahajedwali la mtaaluma na safari hii haikuwa dakika tano. Kwanza niliongeza kanuni mpya: kama kisanduku ni kitupu, paka kijivu. Nikaiweka juu ya ile ya zamani, kwa sababu kanuni mbili zikigombea kisanduku kimoja, ya juu ndiyo inayoshinda. Kisha nikashuka chini ya jedwali, nikaandika kwa maneno ya kawaida, herufi nyeusi: *Nyekundu: alama chini ya 30, mwanafunzi apangiwe masomo ya ziada. Kijivu: hakufanya mtihani, ulizeni sababu kwanza.* Mtaaluma akasoma, akaniuliza kama hayo maandishi yatachapwa pia. Nikamwambia ndiyo, yachapwe, ndiyo muhimu kuliko rangi.

Bado sijui kama mkuu aliwahi kuyasoma. Jambo moja ninalijua. Binti alifanya mitihani yake wiki mbili baadaye, peke yake, kwenye chumba cha maktaba. Mtaaluma aliingiza alama mimi nikiwepo. Hisabati alipata 41. Alipobonyeza kitufe kijivu kikatoweka, kisanduku kikawa cheupe kama vingine vyote, na kwenye ule ukurasa hakuna ambaye angemtofautisha tena na mwenzake yeyote.

Hakuna mzazi aliyeitwa kuambiwa habari hiyo. Kwa weupe hatuna kanuni.